Fisi na Paja la Nyati Ukutani

Enyi mlioketi, masikio mnayo?

— Tunayo, na yako wazi!

Na ulimi wangu?

— Mola aulinde usiteleze!

Amma baad. Palikuwa na shule msituni. Mwalimu mkuu wake alikuwa Fisi, mwenye taya za kuvunja mifupa na tumbo lisilojua kusema alhamdulillahi. Mwalimu wa darasa alikuwa Nguchiro, mnyama mdogo wa kimo cha mwiko, ila akili zake zilikuwa haziketi.

Wakubwa wa msitu walikuwa wameipa shule hiyo projekta na vishikwambi, ili watoto wasome kwa kuona na kugusa. Fisi akavifungia ofisini, vingali ndani ya nailoni za dukani. Projekta akaitandikia kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa akaweka maua ya plastiki.

Huku darasani, Nguchiro akifundisha safari ya mvua kwa chaki, watoto husinzia: khrrr, khrrr. Akiuliza, "Mmeelewa?" huitikia wote macho yamefumbwa: "Tumeelewaaa!" Kisha khrrr.

Asubuhi moja Nguchiro akaitwa ofisini.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Mkaguzi Tembo anakuja wiki ijayo. Watoto wasipomweleza safari ya mvua, kazi huna. Na muhogo wako wa mchana nitaula mimi, kwa masikitiko makubwa."

"Basi nipatie vishikwambi, Mkuu."

"Watoto wataviharibu."

"Na projekta?"

"Watoto wataiharibu."

"Humu ofisini vinafanya kazi gani?"

"Vinapendeza."

Nguchiro akajikuna kidevu, kuru kuru. "Umesema kweli, Mkuu. Tena mimi sikutaka kulila peke yangu lile paja la nyati."

Masikio ya Fisi yakasimama, twa! "Paja gani?"

"Lililomo ndani ya mashine."

Nguchiro akachomeka simu yake, akaiwasha projekta, vuuu! Ukutani likatokea paja la nyati, jekundu, mafuta yakimeremeta. Mara majani ya mgomba yakalifunika, moja juu ya jingine, lisionekane tena.

"Limekwenda wapi?" Fisi akapiga yowe.

"Lina haya, Mkuu. Linataka chumba cha giza na watoto wengi. Mtoto akijibu sawasawa kwa kishikwambi, jani moja huanguka."

Hakungoja kuombwa. Maua kule, kitambaa kule! Fisi akabeba projekta begani na kapu la vishikwambi mdomoni, mbio hadi darasani. Akaziba madirisha kwa mikeka, akajibana kwenye dawati la nyuma, magoti yakigusa mashavu.

Nguchiro akaiwasha mashine, mvuke ukapanda ukutani. Wingu likavimba. Radi ikalia gudu-gudu-gudu! Watoto wakaamka, macho kama vikombe.

"Maji ya ziwa yakipata joto huwa nini?"

Vidole vikagonga, ti-ti-ti. Mvuke! Jani likaanguka, ncha ya mfupa ikachungulia. Mate ya Fisi: chururu.

"Mvuke ukipoa juu angani huwa nini?"

Swala akabonyeza: jiwe. Kwaaa! Jani likarudi.

"Ewe mtoto!" Fisi akalia. "Wingu! Huwa wingu! Unaniua kwa njaa!"

"Mkuu," akasema Nguchiro kwa upole, "nyoosha mkono kwanza."

Fisi akanyoosha mkono.

Ikawa hivyo kila siku. Likibaki jani la mwisho, Nguchiro huzima mashine: "Betri imekwisha, Mkuu." Fisi huguna, kisha jioni humfuata Swala kwao kumfundisha bure, akibembeleza, "Mwanangu, wingu likizidi uzito hufanyaje? Sema, mwanangu, sema!"

Akaja Mkaguzi Tembo. Akauliza la mvuke, wakajibu. Akauliza la wingu, wakajibu. Akauliza la mvua, vidole vikagonga, ti-ti-ti, na jani la mwisho likaanguka mbele ya mgeni. Paja likang'aa lote.

"Bismillahi!" Fisi akaruka.

Puuu! Kichwa kikatoboa ukuta wa udongo kikatokea nje, kiwiliwili kikabaki ndani, na paja la nyati likatua barabara juu ya makalio yake.

"Na huyu ni nani?" akauliza Tembo.

"Mwalimu Mkuu, mzee wangu. Anayapenda masomo kwa moyo wote."

Kutoka nje ikasikika sauti iliyojaa udongo: "Halijaiva!"

Tembo akawatazama watoto, akaamuru: mashine zibaki darasani, na Mwalimu Nguchiro abaki nazo. Mkuu naye abaki alipo mpaka fundi apatikane.

Mafunzo yake, wanangu, ni haya: uongo haumfundishi mtu kitu. Kweli, aliyedanganywa ni Fisi, na hadi leo hakuna anayeijua safari ya mvua kumshinda. Lakini msinibane kwa hilo. Mimi nimeombwa mafunzo, sikuombwa ushahidi.

Ngano yangu naikunja kama mkeka. Mlioukalia, inukeni!

— Tumeinuka!