Blauzi Isiyokunjika Sawa

Hadithi hii nimeletewa na dada yangu, naye aliletewa na jirani yake. Ilikoanzia sijui. Isome mpaka mwisho, halafu umsomee mama yako kama bado unaye.

Katika mji mmoja wa milimani, mji wa mvua na migomba, palikuwa na chuo kidogo cha ushonaji. Kila mwisho wa mwaka wanafunzi walishona blauzi moja ya mtihani. Aliyeongoza alipewa cherehani mpya, iwe mali yake, na aliondoka nayo kwa vigelegele mpaka nyumbani.

Tumpe aliitaka cherehani ile kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa binti wa miaka ishirini, mwepesi wa mkono na mkali wa jicho. Alichechemea kidogo, kwa sababu alizaliwa na nyayo zilizopinda kuelekea ndani, na madaktari walimnyoosha alipokuwa anaingia darasa la nne. Cherehani aliyoitumia nyumbani ilikuwa ya kuazima, na mwenye mali alikwisha kutuma watu mara mbili kuiulizia.

Kwa mtihani ule chuo kiligawa pakiti za kiwandani. Ndani ya kila pakiti mlikuwa na karatasi nyembamba zenye michoro ya vipande vya blauzi, na juu yake picha ya mwanamke anayetabasamu, mabega yamelingana utadhani yamewekwa kwa pimamaji. Wanaoshona wanazijua karatasi hizo. Huwa zimechora nusu tu ya mtu. Unakunja kitambaa, unabana karatasi kwa pini, unakata, na ukikunjua unapata pande zote mbili. Wa pili haupimwi. Unaaminiwa tu kwamba ni pacha wa mwenzake.

Msimamizi wa mtihani alikuwa Mzee Mwakalobo, fundi aliyeshonea mji mzima tangu enzi za suruali za bwanga. Hakuwa na maneno mengi. Alichukua kila blauzi, akaikunja katikati juu ya meza, akaangalia kama nusu zinakubaliana. Bega juu ya bega, kwapa juu ya kwapa.

"Nguo inayogombana na nusu yake," alizoea kusema, "imekatwa na mlevi."

Kila mwanafunzi alitakiwa amshonee mtu wa nyumbani kwake. Tumpe hakuwa na wa kumfikiria zaidi ya mama yake, Sekela, mjane aliyekuwa akilima viazi na kuuza maziwa. Alichagua kitambaa cha rangi ya samli, akakata kwa kufuata karatasi bila kukosea hata mstari mmoja, akapiga bandi, mishono ya kushikiza tu, akamwita mama ajaribu.

Blauzi ilikataa. Kola ilivutwa upande, na chini ya kwapa la kushoto pakafanya mkunjo mbaya kama mdomo wa mtu aliyenuna.

"Mama, simama wima."

"Nimesimama, mwanangu."

"Hujasimama. Nyanyua hilo bega."

Mama akalinyanyua. Blauzi ikatulia, ikapendeza kama ile ya kwenye picha. Tumpe akafurahi, akachukua chaki aweke alama za vifungo. Mara chungu cha maharage kikaanza kufurika jikoni. Sekela akasahau yote, akageuka mbio kukiepua, na bega lake likashuka. Ule mkunjo ukarudi palepale.

Tumpe alimtazama mama yake kwa nyuma, ameinamia jiko, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaona kitu alichokuwa akikitazama siku zote. Akachukua tepu. Akapima bega la kulia. Akapima la kushoto. La kushoto lilikuwa chini kwa vidole viwili vizima.

"Mama, hili bega lilianguka lini?"

"Aa, hilo la zamani."

"Uliumia?"

"Sikuumia. Nilikuwa nabeba mzigo."

"Mzigo gani wa kumshusha mtu bega namna hii?"

Sekela akacheka, akaendelea kukoroga maharage yake. "Mzigo wenyewe ulikuwa haunyamazi. Vilima viwili kwenda shule, vilima viwili kurudi, miaka mitatu, unaniimbia sikioni. Tena ukiniambia, 'Mama, kimbia, kengele imegongwa!'"

Tumpe akakaa kwenye kigoda. Alikumbuka kanga aliyobebewa mgongoni, na harufu ya maziwa na moshi kwenye shingo ya mama. Alikumbuka kwamba barabara yote ya shule aliijua kutokea juu ya bega la kushoto. Kumbe yeye alikuwa akiona safari, mwenzake alikuwa akibeba. Akalia, na wala hakujificha.

"Sasa unalia nini?" mama akamwuliza. "Weka kitambaa kidogo ndani ya bega, yalingane, watu wasinitazame. Au nitalinyanyua tu siku hiyo. Usikose cherehani kwa ajili ya bega la mwanamke mzee."

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Blauzi ya kufuata karatasi ingekunjika vizuri mbele ya Mzee Mwakalobo, lakini ingemnyonga mama kila akiivaa. Blauzi ya kumkaa mama isingekunjika kamwe. Tumpe aliwaza siku nzima. Kesho yake asubuhi akaifumua yote. Akatandaza kitambaa kilichobaki bila kukikunja, akakata upande wa kulia kwa kipimo cha kulia na wa kushoto kwa kipimo cha kushoto. Hakumwambia mama yake.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa. Mzee Mwakalobo alikunja blauzi moja baada ya nyingine, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Ya Lusubilo, binti wa mwenye duka la vitambaa, ilikunjika ikawa kama kurasa za kitabu. Ikafika ya Tumpe. Akaikunja. Akaikunjua. Akaikunja tena. Bega moja lilikuwa limechungulia nje kwa vidole viwili. Vicheko vikaanza nyuma.

"Binti, hukupima?"

"Nilipima, mzee. Mara mbili, kulia na kushoto."

"Na karatasi ilisemaje?"

"Karatasi imechora nusu ya mtu, mzee. Mama yangu nimempima mzima."

Vicheko vikakatika. Tangu mtihani ule uanze, blauzi zilihukumiwa mezani. Hakuna aliyewahi kuombwa kuzivaa. Mzee akaiweka blauzi mezani, akasema, "Mama huyo aje."

Sekela akaingia nyuma ya pazia, akatoka amevaa. Na blauzi ikamkaa vibaya! Ilijikunja shingoni, ikapanda upande mmoja. Watu wakaguna. Lusubilo akainamisha macho kwa kumwonea mwenzake huruma.

Tumpe peke yake ndiye aliyejua. Mama alikuwa amelinyanyua bega, kama alivyoahidi, ili asimwaibishe mwanawe. Shingo ilikuwa imemsimama kwa kujikaza.

Akamwendea, akamshika mkono mbele ya watu wote.

"Mama, nisamehe nilivyokwambia usimame wima. Liache bega lako. Nimelishonea."

Sekela akamtazama. Akatoa pumzi ndefu, na bega likashuka taratibu mpaka mahali pake. Blauzi ikatulia. Kola ikakaa, mkunjo ukapotea, na yule mama mwuza maziwa akasimama pale amependeza, hana anachoficha. Kinamama waliokaa mbele walianza kupiga vigelegele kabla hawajaruhusiwa.

Mzee Mwakalobo akasafisha miwani yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Halafu akasema, "Sheria ni sheria. Blauzi hii haikunjiki, cherehani ni ya Lusubilo." Na ikawa hivyo. Tumpe alirudi nyumbani mikono mitupu, mama akimwegemea, wote wawili wakiyumba njiani, mmoja kwa mguu, mwingine kwa bega.

Jumatatu asubuhi mtu akabisha hodi. Alikuwa Mzee Mwakalobo, na nyuma yake kijana wa mkokoteni amepakia cherehani ya zamani, nyeusi, iliyopakwa mafuta ikang'aa. Kando yake amesimama bibi mmoja aliyejitanda mtandio mzito, ingawa jua lilikuwa kali.

"Hii nimeshonea miaka thelathini," mzee akasema. "Ichukue. Na huyu ni mke wangu. Tangu aondolewe titi moja hospitalini hajavaa nguo niliyomshonea mimi. Kila ninayomkatia, nakunja kitambaa." Akampisha mkewe mbele. "Mpime wewe, binti yangu. Mpime mzima."

Tumpe akamkaribisha bibi ndani, akarudishia mlango, akachukua tepu.

Funzo: Usimlazimishe mtu alingane na karatasi. Pale alipopinda, huenda ndipo alipokubeba. Anayekupenda hakwambii unyooke, anakupima ulivyo.