Punda Milia Nje ya Miiba

Sogeeni, wajukuu zangu, masikio mbele, miguu ndani ya shuka. Hapo kale, kale ya kale, mvua ilipita jangwani mara moja, ikaacha dimbwi. Dimbwi moja tu, katika nchi yote ya mchanga na mawe meusi.

Watu wakaja na ngamia. Wakaja choroa wenye pembe ndefu, wakaja punda milia, wakaja ndege. Jua likawaka, maji yakapungua. Likawaka tena, yakapungua tena.

Basi Elema, mkuu wa kambi, akasema, "Zungusheni miiba. Maji haya ni ya watu na mifugo."

Miiba ikazungushwa. Wanyama wakasimama nje. Asubuhi wamesimama, jioni wamesimama, wananusa maji wasiyoyafikia. Kisha wakaanza kuanguka. Eeh, wanangu, mmoja mmoja.

Qabale, mke wa Elema, alikuwa mjamzito. Alipokwenda kuteka maji alimkuta punda milia jike amemsimamia mtoto wake aliyelala chini, akimkinga jua kwa kivuli chake. Qabale akaweka kibuyu chini. Akaivuta miiba kwa mikono mitupu, damu ikamtoka, njia ikafunguka.

Elema akaja mbio na fimbo. "Qabale! Unataka tufe?"

"Sitaki mtu afe, mume wangu. Lakini nina mtoto tumboni, na yule ana mtoto miguuni. Nimpite vipi? Nipunguzieni maji yangu, muwape wao."

Elema akainua fimbo awafukuze wanyama. Akamwona yule mtoto wa punda milia amejikokota hadi majini, anakunywa. Fimbo ikashuka.

"Basi," akasema, "wanyama hawa nao wanywe, mifugo ikishaondoka."

Wanyama wakanywa, wakawazoea watu. Lakini jua halikuchoka. Dimbwi likakauka, tope likapasuka, wazee wakakosa hata mate ya kumeza.

Ndipo Qabale akaona vumbi kwenye mto mkavu. "Elema, njoo! Wale punda milia hawahami. Wanachimba!"

Wakaenda. Punda milia dume alikuwa anapiga mchanga kwa kwato, na chini mchanga umelowa. Hakukimbia. Alisogea kando tu, akawatazama. Watu wakachimba kwa mikono, wakachimba, maji yakachuruzika. Kila mtu akainama na kibuyu chake.

"Rudini nyuma!" Elema akasema, sauti imemkauka. "Aliyeanza kuchimba anywe kwanza."

Nao wakangoja, na kiu yao, mpaka yule dume akashiba.

Kwa hiyo, wanangu, mkipata maji, tazameni nani mwingine ana kiu kabla hamjayafunga. Kisa changu kimefika kisimani, kimekunywa, kimelala. Laleni nanyi.