Mkwe Aliyepewa Mgongo

Aliyenaswa havutwi, huzimiwa. Bibi Sekela aliyatamka maneno haya asubuhi moja, wajukuu wake wawili walipokuwa wakimburuta kaka yao Lusajo, kila mmoja na mkono wake, kumrudisha shule ya bweni asikotaka kwenda. Wakasimama, Lusajo akining'inia katikati yao kama shati kwenye kamba, wakauliza msemo huo umetoka wapi. Bibi akavuta kigoda. Akawaambia kuwa methali hii haikutoka kwa wahenga. Ilitoka kwenye ukuta wa nyumba ya jirani, na ilianza hivi.

Pale Tukuyu aliishi Gwantwa, mke wa Ambwene. Nyaya za umeme za nyumba yao zilikuwa zimetafunwa na panya. Mafundi waliitwa, wakaahidi kesho, na kesho yao haikuwa na mwisho. Basi Gwantwa akanunua testa na koleo, akaamua kujifunza kazi hiyo kwenye nyumba yake mwenyewe, kama mtu ajifunzaye unyozi kwenye kichwa chake.

Chumba cha kwanza kilimfundisha soketi. Cha pili kilimrusha mpaka kitandani, kikamfundisha kuzima swichi kuu kabla ya kugusa chochote. Tangu hapo, njia ya kuifikia swichi hiyo, nyuma ya mlango wa jikoni, angeweza kuipita akiwa usingizini. Mumewe alikuwa akitembea humo ndani ameinama, kana kwamba nyumba nzima inataka kumpiga kofi. Mwisho ikabaki taa ya kibarazani, yenye mkono wa chuma. Gwantwa akabonyeza swichi, taa ikawaka. Akabonyeza tena, ikazima. Akajitunuku cheti.

Baba mkwe, Mzee Mwaijande, akaja kukagua. Ieleweke kwamba kwa watu wa kule, enzi hizo, mke wa mwana hakukaa mbele ya baba mkwe. Hakumtazama, hakumtaja jina, seuze kumgusa. Gwantwa alimwamkia akiwa nyuma ya pazia la jikoni, naye mzee akaitikia huku ameuelekea mgomba. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na mzee alikuwa pekupeku. Tena alikuwa na desturi ya kukagua kila kitu kwa kukitikisa. Alitikisa kiti, akatikisa mlango. Akauliza kama taa ile imezimwa. Ambwene akajibu kwamba imezimwa. Mzee akaukamata ule mkono wa chuma.

Hakupiga kelele. Kilichomshtua Gwantwa ni kimya, kisha meno yaliyokuwa yakigongana. Akafunua pazia, akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza tangu aolewe, akaona vidole vilivyokataa kuachia. Ambwene alikuwa tayari amenyoosha mkono.

"Usimshike."

"Ni baba yangu."

"Ukimshika nitazika wawili. Rudi nyuma."

Kisha akampa mkwewe mgongo, akakimbilia ndani. Ambwene alibaki kinywa wazi, akimshuhudia mkewe akimkimbia mtu anayekufa, na wazo lililompitia kichwani wakati ule hakuwahi kulirudia mbele ya watu. Akainua mkono tena. Kabla haujafika, swichi kuu ikalia ta, redio ya jikoni ikanyamaza, na mzee akaanguka kama gunia.

Alikuwa hai. Kiganja kilikuwa kimeungua. Aliporudi kutoka hospitali, mkono umefungwa bandeji, aliketi sebuleni, pazia likiwa limerudi mahali pake.

"Mkwe wangu," akasema, "ulinikimbia."

"Niliikimbilia swichi, baba."

"Na taa ilikuwa imezimwa."

Gwantwa alijua kwamba panya wangeweza kubebeshwa lawama hii, kama walivyobebeshwa nyingine. Alijua pia kwamba wako wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu ya chumvi kuzidi kwenye mboga. Lakini akasema ukweli: swichi aliifunga kwenye waya wa kurudi badala ya waya wenye moto, ule unaoleta umeme. Taa ilizima, ila moto ulibaki palepale, na waya wake aliubana vibaya, ukagusa chuma.

"Ni mimi niliyekunasa, baba."

Mzee akaitazama bandeji yake muda mrefu, kama mtu anayesoma hukumu kabla ya kuitoa.

"Kesho nitamleta fundi mwenyewe, nimemshika sikio," akasema. "Utasimama kando yake mpaka ujue." Kisha akageukia upande wa pazia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwanangu alitaka kunivuta kwa mapenzi, tufe pamoja. Wewe hukunigusa hata kwa kidole, nami nipo. Aliyenaswa havutwi, huzimiwa."

Akaondoka, akaupita mlango bila kuutikisa.

Bibi Sekela akaishia hapo. Wajukuu wakaitazama mikono yao, ambayo bado ilikuwa imemshika Lusajo. Wakamwachia. Ndipo mmoja wao, kwa mara ya kwanza tangu likizo iishe, akamuuliza kuna nini huko bwenini. Lusajo akaketi juu ya sanduku lake, akatazama pembeni, akaanza kueleza.

Aliyenaswa havutwi, huzimiwa.