Uniangalizie Ndizi Zangu

"Mama, mimi kumwomba Mungu nimechoka. Hasikii."

Ndivyo alivyoniambia binti yangu Namkunda juzi, anachambua maharage. Nikamuuliza, "Hasikii, au wewe hujamwachia?" Hee! Akasusa. Akaacha maharage kwenye ungo akaondoka, hata kwaheri hakuna.

Shida yake mnaijua. Mwanawe, Elineema, aligombana na baba yake msibani, yakatoka maneno mabaya, kijana akaenda zake mjini. Mpaka leo nyumbani hakanyagi. Namkunda anaomba, sisemi haombi. Lakini akishasema amina tu, chai haijapoa, ameshika simu: "Wewe, umeshamsamehe baba yako?" Kijana anakata. Kesho tena: "Umeshamsamehe?" Anakata.

Sasa nilichotaka kumwambia, aliondoka kikiwa bado mdomoni kwangu. Basi nawaambia ninyi mlioko hapa kanisani.

Palikuwa na mama mmoja huku huku milimani, mwanawe alioa binti wa tambarare, kwao hakuna hata mgomba mmoja. Siku ya harusi wazee wakakosana. Wazazi wa binti wakaondoka bila kuonja chochote. Mnajua uzito wake, watu kuondoka kwako wana njaa. Binti akabaki kwa mumewe, lakini moyo wake ukawa umekatika vipande viwili.

Baadaye wazazi wake wakatuma neno kwamba watakuja. Yule mama mkwe akafurahi, akasema safari hii watakula kwangu. Akachimba shimo avumbike ndizi ziive. Akatandika majani ya mgomba, akapanga vichana mpaka juu, akatia moshi, akafunika majani mengine, akaziba na udongo. Ndipo akaitwa, binti yake wa kilima cha pili amejifungua. Akamwita mkwe wake.

"Mwanangu, naenda kwa wifi yako. Uniangalizie ndizi zangu."

"Sawa mama, nitaziangalia."

Na kweli akaziangalia! Asubuhi anafukua udongo, anatoa majani, anabonyeza. Ngumu. Anafunika. Jioni anafukua tena, anabonyeza. Ngumu kama jiwe. Jirani mmoja anapita, anamkuta amepiga magoti pale.

"Bibi harusi, umedondosha pete humo?"

"Naangalia ndizi za mama."

"Haya. Na zenyewe zinakuangalia?" Akacheka akapita zake, alidhani mwenzake anatania.

Siku zikaenda, wageni wanakaribia, ndizi ni zile zile, kijani. Hapo ndipo mawazo yakamwingia yule binti. Akasema, kumbe huyu mama amenitega. Amevumbika ndizi za kupika, makusudi, ili wazazi wangu wakija niaibike. Bado ana kinyongo cha harusi.

Mmeona? Alianza na ndizi, akaishia kwa mwenye ndizi. Kwanza ulisema tu jambo limechelewa. Sasa unasema aliyeahidi ana roho mbaya. Na sisi si ndivyo tunavyomfanyia Mungu? Hatuanzi kwa kumkataa. Tunaanza kwa kubonyeza.

Mama mkwe akarudi asubuhi ile ile ya wageni. Akamkuta binti mlangoni, kafunga kanga zake kwenye kifurushi, macho mekundu.

"Mama, kama hukutaka wazazi wangu wale hapa, ungesema tu. Nikiwaona napanda nao gari."

"Umepatwa na nini?"

"Ndizi zako haziivi!"

Yule mama akaenda shimoni. Udongo umelegea, majani yamechanika chanika, moshi wote ulishatoka siku nyingi.

"Nani amefukua hapa?"

"Mimi. Si ulisema niziangalie?"

"Mwanangu jamani! Nilisema uziangalie mbuzi wasije wakafukua!"

Binti akayatazama yale majani. Halafu akasema polepole, "Basi mbuzi ni mimi."

Mama mkwe alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka. Akapandisha mkono wa gauni, akalala kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani. Akavuta. Ikatoka ndizi ya njano, laini, harufu ikajaa uwanja mzima. Akavuta nyingine. Njano.

"Na hizi hukuziona?"

"Huko chini mkono wangu haukufika, mama."

Haya, jamani, hapo mmesikia alichosema? Zile alizozishika kila siku zilibaki mbichi. Zile ambazo mkono wake haukufika ndizo zilizoiva. Na ndizo walizokula wazazi wake siku ile, wakaketi mpaka jua likapoa.

Sisi tukiambiwa tumngoje Bwana tunaenda kufukua. Tumeomba leo, kesho tunabonyeza: bado? Mume bado? Mtoto bado? Ugonjwa bado? Joto lote tunalitoa nje kwa mikono yetu, halafu tunalia kwamba Mungu hafanyi kazi. Sisemi mtu alale. Yule binti alikuwa na kazi, tena kubwa: kufukuza mbuzi, kuziba nyufa, kukinga mvua. Kungoja kuna jasho. Lakini kufunua si kazi yake. Mwenye shimo yupo, na anajua alichokiweka chini.

Namkunda ampigie mwanawe, nani amemkataza? Amuulize amekula nini. Amuulize kikohozi kimeisha? Huko ndiko kufukuza mbuzi. Lile la baba yake aliache chini, kwa Mungu, mkono wake haufiki huko. Sisemi kijana atakuja Jumapili. Atakuja lini sijui, na sitawadanganya kanisani. Ninachojua, Mungu anayemwachia jambo hilo si wa kumtega.

Leo hayupo hapa, bado amenuna. Wewe unayechota naye maji, mpelekee. Usimwambie, "Mama yako amesema," atakumwagia ndoo. Mwambie tu kuna bibi harusi mmoja wa tambarare aliambiwa aangalie ndizi.