Kompyuta Iliyokuwa Ikijizima

Mtu mmoja alikuwa na steshenari katika mji mdogo wa wakulima wa kahawa, na ndani yake kompyuta ya mezani, kuukuu, iliyomlisha yeye na mdogo wake wa tumbo moja. Mkubwa aliitwa Bosko. Yeye alipokea wateja na kuwaahidi kwamba kazi zao zitakuwa tayari. Mdogo aliitwa Otmari. Yeye alichapa: mitihani ya shule, barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi.

Mama yao alipofariki walimzika kijijini siku ya Jumamosi, na Jumatatu duka likafunguliwa. Bosko alisema wateja hawangoji. Otmari hakubisha. Alikaa kwenye kiti chake, na kazi ya kwanza kuletwa asubuhi ile ilikuwa ratiba ya mazishi ya mama wa mtu mwingine. Aliichapa.

Baada ya hapo kompyuta ilianza vituko. Otmari akiwa katikati ya ukurasa, kioo kiligeuka cheusi ghafla, kisha mashine ikajiwasha yenyewe kana kwamba hakuna lililotokea, na chochote ambacho hakijahifadhiwa kikawa kimepotea. Asubuhi ilivumilia. Kadiri mchana ulivyosogea na kazi kuongezeka, ndivyo ilivyozidi kujizima. Otmari alirudia kazi iliyopotea. Lakini naye alikuwa na lake. Aliweza kuinuka sentensi ikiwa haijaisha, akatoka nje, akakaa nyuma ya duka akiutazama ukuta, kisha akarudi kuendelea. Bosko aliyaona yote mawili. La mashine aliliita ubovu. La mdogo wake aliliita uvivu.

Kwanza alilaumu umeme, akanunua stabilaiza. Mashine ikajizima. Akabadilisha waya na soketi. Ikajizima. Akasema ni virusi, programu zote zikafutwa na kuwekwa upya. Akasema ni memori, nayo ikabadilishwa. Ikajizima mbele ya mwalimu mkuu aliyekuja kuchukua mtihani wa kesho yake. Siku hiyo Bosko aliipiga mashine kofi, kisha akamgeukia Otmari na kumsema mbele ya wateja, kwamba lazima kuna kitu anakibonyeza vibaya. Otmari alimwomba mwalimu radhi, akauanza mtihani upya tangu swali la kwanza.

Mwishowe fundi mmoja alifanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: alifungua ubavu wa mashine, akatazama ndani. Feni ilikuwa imezibwa na vumbi, limeshikamana kama sufi, na haikuweza tena kuzunguka sawasawa. Bosko aliuliza kama mashine imekufa. Fundi akamweleza kwamba haina ugonjwa mwingine. Inachemka ndani, na joto likizidi inajizima yenyewe isije ikaungua. Walilipuliza lile vumbi likatoka, wakaisogeza mashine mbali na ukuta ipate hewa.

Ikapona. Bosko alifurahi, na kwa kuwa sasa ilidumu kutwa nzima, alipokea kazi maradufu, akamwambia mdogo wake kwamba hana tena kisingizio.

Haikupita wiki, Otmari aliinuka katikati ya barua ya mtu, akatoka. Safari hii hakurudi. Bosko alimtafuta nyuma ya duka, akamtafuta kwenye chumba walichopanga, halafu siku ya tatu akafunga duka na kwenda kijijini akiwa na hasira. Alimkuta katika nyumba ya mama yao, amelala mchana kweupe juu ya mkeka, viatu vikiwa miguuni. Jirani alisema amekuwa hivyo tangu alipofika: akiamka anakunywa uji kidogo, anakwenda kaburini, anarudi kulala. Bosko alikaa chini. Alikuwa amejiandaa kumfokea, lakini alipomtazama usoni aliona jinsi alivyokonda, na hakukumbuka ni lini aliutazama uso ule mara ya mwisho. Akangoja. Otmari alipofumbua macho, kaka yake alimuuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini hakumwambia kwamba amechoka kiasi hicho.

"Kaka," alisema Otmari, "nilikuwa nakuambia kila nilipotoka nje."

Bosko alimvua mdogo wake viatu, akamfunika shuka, akamwacha alale tena. Yeye mwenyewe alibaki pale sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamlilia mama yake. Duka lilikaa limefungwa, na wateja wakangoja.

Basi ninyi mnaonisikiliza, nyumbani kwenu ni nani huyo mnayemwita mvivu?