Waridi la Mawe

Sogeeni, jamani, niwape kisa cha zimwi.

Zimwi lilimnyakua mtoto wa Mwanashehe. "Niletee mafuta ya waridi yanukiayo, au namla."

Mama akachuma mawaridi bondeni, kwenye maji tele. Zimwi likanusa mafuta: "Maji matupu, mpumbavu wewe."

Akachuma kilimani, saa sita mchana. Zimwi likanusa tena: "Jua limekula harufu. Bado mara moja tu."

Mke wa zimwi, akimfunika mtoto kanga, akanong'ona: "Dada, chuma yenye kiu, kule kwenye mawe. Chuma kabla ya jua."

Miiba ikamchana, lakini alichuma umande ukiwepo. Zimwi likanusa, likanuna. Halikuona la kutukana. "Chukua kitoto chako, toka."

Akatoka naye, mkono wa pili kamshika mke wa zimwi.

Nami nakomea hapa: zimwi lina mafuta, halina wa kulipaka.