Jina Chini ya Mchoro wa Gauni

Sogeeni. Leo sina sungura wala fisi. Nina gauni moja na watu watatu waliolitengeneza, huko Paris, miaka michache baada ya vita vikuu.

Anselme alikuwa na jicho. Akifumba macho aliliona gauni zima, hadi litakavyopepea ngazini. Lakini alitoka vitani mikono ikimtetemeka, hata kijiko cha supu kilimshinda.

Odile alikuwa na mkono. Anselme alisema, yeye akachora kwa wino mwembamba, kisha akabana kipande cha kitambaa kwa pini pembeni mwa karatasi. Ila ukimwambia abuni gauni lake mwenyewe, karatasi ilibaki nyeupe.

Berthe alikuwa na sindano, na mdomo pia. Walipomletea mchoro wa gauni la harusi, aliutazama akacheka.

“Odile shoga yangu, bibi harusi wako huyu atakaa vipi? Au atasimama mpaka keki iishe?”

Akachukua kitambaa, akakikunja kiunoni, akakishona. Odile akauchora upya mchoro, na mkunjo ule ndani yake. Gauni likavaliwa, na mji mzima ukauliza habari za mkunjo.

Sasa, desturi ya maduka yale ya mitindo ni mchoro kutiwa sahihi moja tu.

“Ndoto ni yangu,” akasema Anselme.

“Mkono ni wangu,” akasema Odile.

“Na mkunjo je?” akauliza Berthe.

Wakatukanana, watu waliokuwa wakila mkate mmoja! Berthe akaondoka na mchoro, haukuwa na jina. Duka lao la mitindo likafungwa. Hawakusemezana tena, na wenzake walipokufa Berthe hakwenda kuwazika. Majuto ni mjukuu, na kwake alihamia kabisa.

Uzeeni, gauni limeshaliwa na nondo, akabishiwa hodi na bwana wa jumba la makumbusho.

“Bibi, mchoro huu tutautundika watu wauone. Lakini desturi ni ile ile, jina moja. Usio na jina unakaa stoo.”

Berthe akashika kalamu. Mkono wake sasa ulitetemeka kama wa Anselme.

“Laiti wangekuwapo,” akasema, “ningewaachia sahihi hii.”

Akalia, na kalamu bado iko juu ya karatasi.

Anselme aliliona gauni, Odile akalichora, Berthe akalifanya livalike. Mimi nimeshindwa. Je, wewe ungeandika jina la nani?